Mkanda Uliokatika Mara Mbili

Gari lilikuwa limeegeshwa nyuma ya kituo cha polisi cha Kajiado, kando ya ukuta wa mawe, na mtu wa kwanza kulitazama asubuhi hiyo ya Ijumaa bila kelele za watu masikioni alikuwa Inspekta Nasike. Alilizunguka mara moja, akachuchumaa mbele ya gurudumu la kulia, akachungulia ndani kwa tochi ya simu. Kisha akainuka, akajifuta vumbi magotini.

"Tuuone huo mkanda," alisema.

Gakuru, mkaguzi wa magari wa serikali, alikuwa ameshatandika gazeti juu ya pipa. Juu ya gazeti kulikuwa na vipande viwili vya mpira mweusi, kimoja kirefu, kingine kifupi, vyote vyenye mifereji upande wa ndani. Zamani vilikuwa kitu kimoja: mkanda ule mrefu unaopita kwenye puli zote, yale magurudumu madogo mbele ya injini, ukizungusha altaneta inayochaji betri, pampu ya maji na pampu inayoufanya usukani uwe mwepesi. Mkanda huo ukikatika, vyote hivyo vinalala kwa pamoja.

Na ulikatika. Alhamisi asubuhi mwalimu Mukai alitoka kwake Kitengela akielekea shuleni, upande wa pili wa Isinya. Kwenye kona iliyo karibu na daraja, usukani ulimgomea. Gari lilivuka barabara, likatumbukia korongoni. Mukai alifariki kabla watu hawajamfikia. Mwalimu mwenzake, Selpha, aliyekuwa ameketi kando yake, alitolewa na mguu uliovunjika.

Kabla ya saa sita mchana, Kitengela nzima ilikuwa imeshapata habari kwamba mkanda wa gari ulikatwa kwa kisu. Jina la aliyeukata nalo lilishapatikana: fundi Kiema, ambaye Jumamosi iliyotangulia alikuwa ameshika gari hilo, na ambaye, walisema, aliwahi kumtaka Mukai akakataliwa. Jioni gereji ya Kiema iliteketezwa. Yeye mwenyewe aliokolewa na polisi mikononi mwa watu waliokuwa tayari na tairi la kumchomea. Sasa alikuwa kwenye seli, hatua chache kutoka hapo waliposimama, na Jumatatu ijayo alikuwa apelekwe mahakamani kwa kosa la mauaji.

"Hapa ndipo wamesimamia wote," Gakuru alisema, akigusa ncha ya kipande kirefu. "Angalia vile imekatwa. Hii ni kisu, hata sibishani."

Nasike aliinama. Ncha ilikuwa imenyooka, nyeusi, inang'aa.

"Na ncha ile nyingine?"

"Ile imechanika."

"Kipande kifupi?"

Gakuru alikigeuza. Hali ilikuwa ile ile: ncha moja safi, ncha nyingine imechanika, nyuzi zimetokeza kama nywele za mtu aliyeamka sasa hivi. Nasike aliviweka vipande kwenye duara, ncha safi kwa safi, iliyochanika kwa iliyochanika. Vikaoana.

"Kwa hivyo ulikatika mara mbili," alisema. "Mara ya kwanza ni ipi?"

Gakuru aliziinamia ncha tena. Swali hilo hakuna aliyekuwa ameliuliza.

"Nisaidie," Nasike aliendelea. "Tuseme Kiema aliukata kwa kisu pale gereji. Gari lingefika wapi?"

"Lisingefika. Ukiwasha tu, taa ya betri inawaka. Usukani unakuwa mzito hapo hapo. Na maji hayazunguki, kwa hivyo injini inachemka. Hata Kisaju hapo njiani hufiki, Madam."

"Na lilitembea tangu Jumamosi hadi Alhamisi, kwenda na kurudi. Tuseme basi alikata nusu, akaacha nusu ijimalizie njiani."

"Hapo tungeona alama. Nusu ingekuwa safi, nusu imeraruka." Gakuru alipitisha kidole kwenye ncha safi, kutoka ukingo hadi ukingo. "Hii ni safi yote. Kisu kilipita mara moja."

Nasike alikuwa ameanza kuona kitu kingine. Zile ncha zilizochanika zilikuwa na madoa ya kijani yaliyokauka. Aligeuka kulitazama gari. Rejeta, tangi la maji ya kupoza injini, lilikuwa limepasuka lilipogonga mawe, na maji yake ya kijani yalikuwa yamerukia kila kitu upande ule, hadi kwenye shafti inayozungusha gurudumu. Alirudi gazetini. Ncha za kisu hazikuwa na doa hata moja.

"Maji ya rejeta yalimwagika gari lilipoanguka," alisema polepole. "Yalikuta mkanda umeshachanika. Lakini kisu kilikuja baadaye, maji yakiwa yameshakauka. Kisu kilikuja gari likiwa tayari korongoni. Munguti!"

Konstebo Munguti, dereva wake, alichungulia kutoka upande wa jua.

"Nani alilivuta hili gari?"

"Ni Parmuat wa Isinya, yule wa lori la kuvuta. Nimemwona hapo nje akinywa chai."

Parmuat aliletwa na kikombe chake mkononi. Alikuwa mtu mrefu, amevaa ovaroli, na shuka imefungwa kiunoni. Alimsalimu Nasike kwa Kimaasai, Nasike akaitikia, kisha akamwonyesha kipande kifupi.

"Hii unaijua?"

"Naijua. Ilikuwa imejizungusha kwa shafti ya hiyo gurudumu. Gurudumu ilikataa kuzunguka kabisa, na mimi nataka kuvuta. Nikaikata." Alipapasa kiunoni, akaonyesha kisu chake kwenye ala. "Na hii."

"Ulimwambia mtu?"

"Nani aliniuliza? Watu walikuwa wanapiga picha. Wakaona nimeshika belti imekatwa, wakaanza kupiga kelele, imekatwa, imekatwa. Nikasema ni mimi nimekata. Hakuna mtu alisikia." Alitazama chini. "Madam, ni sababu ya hiyo walichoma gereji ya yule mtu?"

Nasike alimwagiza Munguti aandike maelezo yake pale pale, naye akarudi kwenye pipa. Kulikuwa na kitu alichokiona alipokuwa akipanga vipande: ndani ya mifereji, mahali ambapo mafuta na vumbi havikufika, palikuwa na utando mweupe. Aliukwangua kwa ukucha, akaunusa.

"Sabuni," alisema. "Ya kipande."

Gakuru naye alinusa, akashusha pumzi.

"Basi ndio hiyo. Mtu alipaka sabuni kuzima kelele. Hii belti ilikuwa imekwisha kitambo, Madam. Ona nyufa hizi zinavyoukata upana wote. Hapa meno yamebanduka. Mgongo unang'aa kama kiatu. Belti ikifika hapo, inaanza kulia asubuhi injini ikiwa baridi, ukikata kona inalia zaidi. Hiyo ni kusema badilisha, usingoje kesho. Ukipaka sabuni inanyamaza siku moja, mbili. Lakini inateleza. Ikiteleza inashika moto, na ikishika moto inakufa mbio kuliko vile ingekufa."

Nasike alimpigia simu mkuu wake, akamweleza yote: maji ya rejeta, kisu cha Parmuat, sabuni. Mkuu alisikiliza bila kumkatiza.

"Kwa hivyo hakukata," alisema mwishowe. "Lakini kuna mtu alipaka sabuni akijua itakatika. Nani alishika hiyo gari Jumamosi? Ni yule yule fundi. Umenibadilishia silaha tu, Nasike. Mtu ni yule yule. Na kule nje kuna watu wanataka kusikia jina. Leo jioni niambie kingine, ama Jumatatu aende kortini."

*

Kiema alikuwa ameketi kwenye sakafu ya seli, mgongo ukutani. Jicho moja lilikuwa limevimba likafunga. Nasike aliagiza benchi, akaketi mbele yake.

"Nieleze Jumamosi."

"Nimeeleza mara ngapi, Madam?"

"Nieleze mimi."

"Alikuja Odero, bwana ya Mukai. Kawaida Mukai huleta mwenyewe, lakini siku hiyo alikuwa na kwaya. Bwana akasema gari inalia. Nikafungua boneti, nikamwambia awashe. Hata sikuhitaji kuguza. Nikamwonyesha nyufa na tochi. Nikamwambia, hii belti imekwisha, acha gari hapa, niko na mtu wa kuniletea mpya kutoka Nairobi, Jumatatu utachukua. Nikamwambia usiipeleke barabara kubwa. Ndani ya mtaa unaweza, lakini si hiyo barabara ya Namanga."

"Akasema nini?"

"Hakusema kitu. Aliniangalia tu. Akachukua ufunguo, akaenda."

"Ulipaka sabuni?"

Kiema aliinua uso, jicho moja limemkodolea.

"Sabuni? Madam, fundi hapaki belti sabuni. Hiyo ni kama daktari amfunge mgonjwa mdomo ndio asikohoe."

"Ulimpigia Mukai simu kumwambia?"

Kiema aligeuza uso kuelekea mlango. Nje, mtu alikuwa akifagia varanda.

"Hapana," alisema. "Ningetaka. Lakini bwana yake hakupenda nimpigie. Aliwahi kuniambia wazi. Nikasema, nimemwambia mwenye nyumba, yeye atamwambia mke wake."

"Ni kweli ulimtaka?"

"Nilimtaka. Huko kwetu Mwala, kabla hajajua Odero. Akakataa, tukaendelea kuongea kama watu. Nikaoa, nikapata watoto, yeye akawa kastoma. Sasa mnasema niliua." Alijifuta pua kwa kiganja. "Madam, bibi yangu na watoto wako wapi?"

"Wako kwa dada yako, Machakos. Wako salama."

"Na gereji?"

Nasike alisimama, akalirudisha benchi ukutani. Kiema hakurudia swali.

*

Katika wodi ya hospitali, mwalimu Selpha alikuwa amelazwa karibu na dirisha, mguu umefungwa plasta hadi pajani. Alikuwa amelia hadi sauti ikamkauka. Nasike alimpa pole, akavuta kiti.

"Mwalimu, najua umeshaandikisha maelezo. Ulisema mkanda ulikatwa."

"Nilisikia watu wakisema pale chini. Mimi nilikuwa nimebanwa. Sijui belti inakaa aje, hata."

"Basi sahau ya watu. Niambie ulichosikia wewe ndani ya gari. Kuanzia wiki hiyo."

Selpha alifumba macho.

"Gari ilikuwa inalia. Kila asubuhi, wiy wiy wiy, mpaka watoto pale kwa geti wanacheka. Wiki nzima iliyopita ilikuwa hivyo. Jumatatu hii nikaingia, iko kimya. Mukai alikuwa na furaha! Akaniambia bwanake, baba Shirleen, ameshughulika kabla arudi kazini Namanga. Akampigia simu tukiwa njiani, akamwambia asante."

"Alikueleza fundi alisema nini?"

"Ndio. Alisema Kiema ameangalia, amesema ni vumbi tu. Na Mukai alimwamini Kiema sana. Akasema, Kiema akisema ni vumbi, basi ni vumbi."

Nasike alisogea mbele kidogo. "Haya maneno, Kiema alimwambia mwenyewe?"

"Hapana. Ni bwanake alimwambia."

"Halafu?"

"Jumatano ikaanza tena. Sasa inalia vibaya kushinda mbeleni. Alhamisi ndio ilizidi, na kulikuwa na harufu kama mpira unaungua. Nikamwambia, Mukai, si tusimame. Akasema tutachelewa mtihani, na fundi amesema ni vumbi." Machozi yalianza tena kumtiririka kuelekea masikioni, naye hakuyafuta. "Kukatoka mlio, paa! Halafu kimya. Taa nyekundu ikawaka. Nikasema afadhali imenyamaza. Mimi ndio nilisema hivyo, Madam. Nilisema afadhali. Kisha tukafika kona, na Mukai akaanza kuvuta usukani na mikono yote miwili. Alisema, Selpha, imekuwa jiwe. Hicho ndicho kitu cha mwisho alisema."

Nasike alimshika mkono hadi alipotulia. Kwenye ngazi za hospitali alisimama, akaanza kupanga mambo yake. Mkanda uliokatwa haulii. Huu ulilia hadi dakika ya mwisho. Jumamosi ulikuwa unalia, Jumatatu ulikuwa kimya, kwa hivyo sabuni ilipakwa katikati, na katikati hiyo gari halikuwa gerejini. Kiema alisema alionya. Mukai alifariki akiamini fundi alisema ni vumbi. Kati ya fundi na Mukai kulikuwa na mdomo mmoja tu.

"Tunaenda Kitengela," alimwambia Munguti.

*

Nyumbani kwa Odero kulikuwa na hema jeupe na viti vya plastiki, na wanakwaya wa kanisa la Mukai walikuwa wakiimba kwa Kikamba. Kyule, kakake marehemu, alimpokea Nasike langoni. Alikuwa kijana wa miraba minne, mikono yake bado ina malengelenge ya moto, na hakujaribu kuyaficha.

"Madam, karibu. Umekuja kutuambia huyo mnyama amekubali?"

"Nimekuja kuongea na shemeji yako."

Odero alitokea mwenyewe. Alikuwa wakala wa kusafirisha mizigo mpakani Namanga, mtu aliyezoea mashati yaliyopigwa pasi. Leo shati lilikuwa limefungwa vifungo kombo. Alimpeleka Nasike nyuma ya nyumba, kwenye ua mdogo wa kufulia. Palikuwa na bomba, karai, na kamba ya nguo. Nguo za mke wake bado zilikuwa zimeanikwa, zimekauka zikakakamaa. Hakuna aliyekuwa amethubutu kuzianua.

"Bwana Odero, Jumamosi fundi alikwambia nini?"

"Alisema ni vumbi."

"Alikuonyesha na tochi?"

Odero alisita. "Aliangalia angalia."

Nasike alitoa bahasha, akachomoa kipande kifupi cha mkanda, akakiweka kwenye ukingo wa karai.

"Hiki kilikuwa kwenye shafti ya gurudumu. Kisu ni cha mtu wa lori, alikata baada ya ajali. Kabla ya hapo hakuna aliyekata. Mkanda ulikatika wenyewe kwa uzee. Na humu kwenye mifereji kuna sabuni. Jumapili ulikuwa hapa nyumbani."

Odero alikitazama kipande kile kwa muda mrefu. Kwaya ilimaliza wimbo, ikaanza mwingine. Kisha akaketi kwenye ngazi ya saruji.

"Nilidhani nitapata fundi mwingine," alisema. "Kule Namanga niko na fundi mzuri. Nilisema wikendi ijayo nitapeleka."

"Kwa nini si Kiema?"

"Kwa sababu ni Kiema!" Sauti ilimtoka kwa nguvu, akaishusha haraka. "Madam, wewe hujui. Gari ikikohoa, ni Kiema amesema hivi. Tukinunua tairi, Kiema amesema ile. Mimi niko Namanga wiki nzima, na mke wangu anaongea Kikamba chao na huyo mtu. Jumamosi ananionyesha na tochi kama mtoto wa shule. Ananiambia niache gari, kwa hivyo Jumatatu Mukai aende pale kuichukua. Nikasema, siachi. Mukai aliponiuliza, nikamwambia ni vumbi. Nilikuwa nimesikia mahali kwamba sabuni inasaidia, nikapaka."

"Na Jumatano ilipoanza tena?"

"Alinipigia jioni." Odero alifunika uso. "Nikamwambia aongeze redio."

Nasike aliangalia ukutani. Alikuwa amehoji wezi, wauaji na watu waliowatupa watoto wao, na siku zote alipofika mahali hapa alijua cha kufanya na mikono yake. Sasa hakujua.

Odero aliinuka. Aliinyoosha mikono, viganja juu, vifundo vimekaribiana.

"Twende."

"Ngoja kwanza."

Alienda hadi kwenye ukingo wa ua, akampigia simu kiongozi wa mashtaka, mwanamke waliyefanya kazi pamoja miaka mingi. Alimweleza kila kitu kwa mpangilio.

"Hakuna mauaji hapo," kiongozi wa mashtaka alisema. "Alimdanganya mke wake kuhusu gari. Mimi nitamshtaki kwa kifungu gani? Kilichobaki ni gari bovu barabarani. Hilo ni kosa la dereva na mwenye gari. Dereva alikuwa nani?"

"Marehemu."

"Na gari limeandikishwa kwa jina la nani?"

Nasike alikuwa ameshalisoma asubuhi. "La marehemu."

"Basi unaona. Mtu pekee ambaye sheria inaweza kumwita ni yeye. Mwachilie fundi leo, nitakuandikia."

Aliporudi, Odero alikuwa bado amesimama vile vile, mikono mbele.

"Sina kosa la kukufungia," Nasike alimwambia.

"Liko. Lazima liko."

"Shusha mikono, Bwana Odero."

"Madam, nifunge. Wale watu hapo mbele wananipea pole. Mama yake ananishika mkono, ananiambia nivumilie. Nifunge, tafadhali."

"Siwezi. Lakini kuna mtu anatoka leo, na akitoka watamuua. Wewe ndiye unaweza kumsaidia. Nenda pale mbele uwaambie ulichoniambia mimi."

Odero alishusha mikono. Aliitikia kwa kichwa, mara kadhaa, kama anayejipa moyo. Alifungua bomba, akanawa uso, akafungua vifungo vya shati na kuvifunga upya sawasawa. Kisha akatembea kuelekea hemani, na Nasike akamfuata kwa nyuma, akasimama karibu na nguzo ya mwisho.

Mwenyekiti wa kamati ya mazishi alimpisha. Kwaya ilikata wimbo. Odero alichukua kipaza sauti, akakishika kwa mikono miwili. Mbele yake, kwenye kiti cha kwanza, alikuwa mama mkwe wake, na mapajani mwa mama huyo alikuwa Shirleen, binti wa Odero na Mukai, amevalishwa gauni jeusi lililomzidi kimo. Mtoto alimwangalia babake.

"Nataka kusema kitu kuhusu Mukai," Odero alianza. "Kuhusu hiyo gari."

Kyule alisogea mbele.

"Hiyo gari..." Alimtazama Shirleen, akatazama juu kwenye turubali, akatazama tena chini. "Nawashukuru wote kwa kusimama na sisi. Mungu awabariki. Mazishi ni Ijumaa ijayo, kule Mwala. Programu mtapewa na kamati."

Alikirudisha kipaza sauti, akaingia ndani ya nyumba, na mlango ukafungwa.

Nasike alimfuata Kyule hadi penye viti vya nyuma. Alimweleza, kwa sauti ya chini, kuhusu kisu cha Parmuat, maji ya rejeta, nyufa. Hakutaja sabuni, kwa kuwa hapo alipokuwa amesimama aliona mikono yenye malengelenge na akaona jinsi umbali ulivyokuwa mfupi kutoka hapo hadi mlango wa Odero. Kyule alisikiliza akitabasamu.

"Kwa hivyo belti ilijikata."

"Ilizeeka, ikachanika. Kiema hakuhusika."

"Madam, mmenunuliwa. Mnamwachilia sababu ya pesa." Aliinua sauti ili wengine wasikie. "Wanamwachilia!"

Viti vilikwaruzana chini. Nasike aligeuka, akaenda mbele kumwomba mwenyekiti kipaza sauti, aeleze mwenyewe. Mzee yule alikikumbatia kifuani.

"Mama, hapa ni kwa matanga. Mambo ya polisi pelekeni kituoni. Tafadhali."

Munguti alikuwa ameshawasha gari. Mtu alipiga boneti kwa kiganja walipokuwa wakitoka langoni, kisha mwingine, kisha wakawa barabarani.

*

Walifika Kajiado jua likiwa bado juu ya paa za mabati. Mkuu wake alikuwa amepata barua ya kiongozi wa mashtaka, akatia sahihi bila kuinua macho, akasema kazi nzuri. Nasike alichukua funguo, akaenda seli mwenyewe.

"Kiema. Uko huru. Imejulikana hukufanya kitu."

Kiema alisimama taratibu, akishika ukuta. Akaja hadi kwenye kizingiti. Kutoka hapo aliweza kuona uwanja, lango, na nje ya lango watu wachache waliokuwa wameanza kukusanyika, mmoja akiongea na simu.

"Wao wamejua?" aliuliza.

"Nimewaambia."

"Wamekubali?"

Nasike aligeuka kutazama lango.

"Odero je? Yeye amesema?"

"Hajasema."

Kiema alirudi nyuma, akaketi mahali pale pale alipokuwa, mgongo ukutani.

"Basi funga, Madam."

"Siwezi kukufungia. Huna kosa."

"Najua sina. Wewe funga tu."

Nasike alisimama na kufuli mkononi. Alimwambia kuwa atatafuta gari la kumpeleka kwa dada yake Machakos. Kiema akamuuliza kama hao watu hawajui njia ya Machakos. Alimwambia atazungumza tena na Odero asubuhi. Kiema hakuuliza Odero atasema nini. Mwishowe Nasike aliliweka kufuli kwenye dirisha, akavuta benchi hadi mlangoni pa seli iliyo wazi, akaketi hapo, akiangalia lango.